Toulouse-Lautrec: Mtoto wa Mabwanyenye Aliyewachora Mastaa Ambao Paris Iliwatumia na Kuwatupa

Kuna bango moja la zamani ambalo pengine umeliona mara mia bila kujua ni la nani. Manzi amefunga nywele zake za dhahabu juu ya kichwa, mguu mmoja uko hewani, sketi nyeupe imefunguka kama kabeji. Mbele yake kuna jamaa mrefu, mwembamba, kofia ndefu, pua na kidevu vimetokeza kama mwezi mchanga. Nyuma yao umati wote ni vivuli vyeusi, hakuna hata uso mmoja unaoonekana. Juu kabisa kumeandikwa Moulin Rouge. Bango hilo liko kwenye vikombe, fulana, mifuko na kuta za mikahawa ya kila pembe ya dunia.

Sasa jiulize swali moja tu. Huyo manzi ni nani, na aliishia wapi?

Aliyemchora alikuwa Mfaransa mmoja mfupi wa kimo, mkali wa macho, mpenda chupa, anayeitwa Henri de Toulouse-Lautrec. Aliishi miaka 36 pekee. Katika miaka hiyo aliwachora watu ambao Paris ililipa kuwaona usiku na kujifanya haiwajui mchana: wacheza densi, mama fua, wachekeshaji, wanawake wa madanguro. Wengi wao waliisha vibaya, na yeye pia hakumaliza vizuri. Hizi si stori za jaba. Kila mtu utakayemsoma hapa aliishi kweli.

Ganji ilikuwepo, mifupa ikakataa

Henri alizaliwa tarehe 24 Novemba 1864 katika mji wa Albi, kusini mwa Ufaransa. Ukoo wao ulikuwa wa mabwanyenye wa kale, wale wa majumba ya mawe, farasi na mashamba ya mizabibu. Jina lake kamili lilikuwa refu kuliko foleni ya matatu siku ya mvua.

Shida ilianza hata kabla hajazaliwa. Mzae wake, Alphonse, na mathe wake, Adèle, walikuwa binamu wa damu, maana mama zao walikuwa dada. Matajiri wa enzi hizo walioana wao kwa wao ili mali isitoke nje ya familia. Mali haikutoka kweli, lakini na ugonjwa nao ukabaki humo humo. Madaktari wa siku hizi wanaamini Henri alirithi tatizo la mifupa, lile linalofanya mifupa ivunjike kirahisi na isikue inavyofaa. Alikuwa na ndugu mmoja tu mdogo, Richard, naye akafariki akiwa bado mtoto mchanga. Baada ya hapo wazazi hawakupeana talaka, ila kila mtu alishika njia yake.

Mwaka wa 1878, Henri akiwa na miaka 13, alianguka nyumbani akavunjika paja. Mwaka uliofuata akateleza kwenye mtaro akavunja la pili. Tangu siku hiyo miguu yake ikagoma kukua. Kifua na kichwa vikawa vya mtu mzima, miguu ikabaki ya mtoto. Alifika karibu mita 1.52, basi, na bakora ikawa rafiki yake wa maisha.

Mzae wake alikuwa mtu wa farasi na kuwinda, na alitaka kijana wa kumfuata porini. Kijana asiyeweza kukaa juu ya farasi hakuwa na nafasi katika ndoto hiyo. Kwa hivyo Henri akabaki kitandani miezi na miezi, na kitandani hakukuwa na kitu cha kufanya ila kuchora. Alichora farasi, mbwa, watumishi, na jamaa zake wakiwa wamesinzia. Mwalimu wake wa kwanza wa maana alikuwa rafiki wa familia, mchoraji wa farasi anayeitwa René Princeteau, ambaye alikuwa kiziwi. Ebu piga picha hao wawili: mmoja hasikii, mwingine hatembei vizuri, wote wamekaa kimya wakiangalia tu. Hapo ndipo jicho lake lilipoiva.

Mtaa wa kodi nafuu

Mwaka wa 1882 alihamia Paris kusomea uchoraji. Wazazi wake walitarajia achore picha za heshima: wafalme, vita, watakatifu. Lakini yeye akaukuta mtaa wa Montmartre, na mambo yakaisha hapo.

Montmartre kilikuwa kilima chenye vinu vya upepo, vichochoro na kodi nafuu. Huko walijazana mama fua, washonaji, wanamuziki, wezi wadogo, washairi waliofulia na wachoraji wasiojulikana. Usiku ukiingia, vilabu vilifunguka na wenye pesa walipanda kilima kutoka mitaa ya juu kuja kuona jinsi maskini wanavyojua kusherehekea. Unaijua hiyo tabia. Kila jiji linayo.

Henri hakuja kama mtalii, alihamia. Na watu wa mtaa hawakumwonea huruma, kitu ambacho kilimfaa sana. Nyumbani kwao alikuwa mtoto aliyeharibika. Montmartre alikuwa msee mwingine tu mwenye matatizo yake, kama kila mtu pale.

Mmoja wa watu wa kwanza kumvutia alikuwa dada mmoja wa kazi za mkono mwenye nywele nyekundu, Carmen Gaudin. Hakuwa staa. Hakuna klabu iliyoandika jina lake mlangoni. Henri alimchora mara nyingi katika miaka ya 1880, na katika mchoro mmoja alimweka kama mama fua: ameegemea meza akiwa na shati jeupe, nywele zimemfunika uso, macho yanatazama nje ya dirisha. Ni mtu aliyechoka ambaye amepata sekunde tano za kupumzika kabla ya kurudi kazini. Weka huyo mama akilini, tutarudi kwake.

Mwingine alikuwa binti wa fundi wa kufua, Marie-Clémentine Valadon. Alikuwa ameruka sarakasi hadi alipoanguka na kuumia, ndipo akaanza kuketi mbele ya wachoraji ili apate riziki. Henri alimpa jina la utani, Suzanne, kwa sababu ya ile hadithi ya Biblia ya mwanamke anayeoga huku wazee wakimchungulia. Wachoraji wengi waliomlipa walikuwa wazee, umeelewa. Lakini Suzanne alikuwa anaiba kazi kwa macho. Kila alipokaa kuchorwa alikuwa anaangalia mkono wa mchoraji, na akirudi kwa keja anachora mwenyewe. Mwaka wa 1894 alikubaliwa kuonyesha kazi zake katika chama cha kitaifa cha wasanii, mahali ambapo wanawake hawakuwa wanapata nafasi hivi hivi. Leo Suzanne Valadon ni jina kubwa la sanaa kwa haki yake. Katika mbogi yote hii, yeye ndiye aliyeponyoka, na aliponyoka kwa kushika penseli mwenyewe.

Henri pia alimchora jamaa fulani Mholanzi aliyesoma naye, mkimya, akiwa ameketi peke yake na glasi ya absinthe mbele yake. Ilikuwa 1887 na hakuna aliyekuwa akinunua kazi za Mholanzi huyo. Jina lake ni Vincent van Gogh. Mwaka wa 1890 mchoraji mwingine alipoitukana kazi ya Vincent mbele ya watu huko Brussels, Henri, pamoja na ufupi wake na bakora yake, alimtaka jamaa huyo watoke nje wapigane kwa silaha. Watu waliingilia kati. Lakini ushaona ni mtu wa aina gani.

Mlafi wa Moulin Rouge

Moulin Rouge ilifunguliwa Oktoba 1889 chini ya kilima cha Montmartre. Ndani kulikuwa na taa za umeme, vioo, bendi na densi ya kuruka miguu juu. Staa wao mkubwa alikuwa Louise Weber, ila hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa La Goulue, yaani Mlafi, kwa sababu akipita kwenye meza alikuwa akimaliza pombe za wateja.

Louise alitoka kwa familia ya kufua nguo. Wanasema akiwa msichana alikuwa akiazima gauni za wateja, zile zilizoletwa kufuliwa, anachapa luku na kwenda kudensi, kisha anazirudisha asubuhi. Alikuwa na ujeuri wa mtaani. Angeweza kuipiga kofia ya mwanamume kichwani kwa ncha ya kiatu, na wanaume wakawa wanapanga foleni kupigwa kofia.

Mwaka wa 1891 klabu ikamwomba Henri awachoree bango. Nakala karibu 3,000 zikabandikwa Paris nzima, kila moja ndefu karibu mita mbili. Mabango ya wakati huo yalijaa wasichana wa kufikirika, wenye tabasamu la sukari. Henri akafanya kitu tofauti: alimchora mtu halisi, kwa rangi chache kali na mistari michache, hata wapita njia wakamjua papo hapo. Msee akalala akiwa mchoraji wa mtaa, akaamka jina lake liko kwa kila ukuta.

Louise naye akawa kati ya wacheza densi waliolipwa zaidi Paris. Akanunua, akala, akanywa. Mwaka wa 1895 akaamua kujitegemea. Akaacha Moulin Rouge, akaweka kibanda chake cha shoo kwenye maonyesho ya mitaani, na akamwomba Henri amchoree mapazia mawili makubwa ya mbele. Henri akayachora bila kusita. Katika moja alimweka katikati ya watazamaji mwandishi Oscar Wilde, mwaka ule ule ambao Wilde alifungwa jela Uingereza na marafiki wengi wakamkimbia.

Lakini umati haukumfuata Louise. Watu walimpenda akiwa ndani ya taa za Moulin Rouge, si kwenye hema la vumbi. Akajaribu kazi ya kufunza simba, na siku moja yeye na mumewe wakashambuliwa na wanyama wao wenyewe. Pesa ikaisha. Chupa ikabaki. Mwanawe wa pekee akafariki mwaka wa 1923. Mapazia yale akayauza, na baadaye mfanyabiashara mmoja akayakata vipande vipande ili apate faida zaidi.

Mwishowe Louise aliishi kwenye nyumba ya magurudumu nje kidogo ya Paris, na alikuwa akija kuuza njugu na sigara mtaani karibu na ile ile Moulin Rouge. Watu walimpita wakielekea ndani. Alifariki hospitalini Januari 1929, akiwa na miaka 62. Umeelewa sasa kwa nini nilikuuliza huyo manzi wa kwenye kikombe aliishia wapi?

Jane, aliyejifunza kudensi hospitalini

Aliyechukua nafasi ya Louise alikuwa Jeanne Beaudon, jina la jukwaani Jane Avril. Utotoni alipigwa na mama yake hadi akatoroka nyumbani. Akiwa na miaka 14 alilazwa Salpêtrière, hospitali kubwa ya Paris ambako wanawake wenye magonjwa ya neva walichunguzwa na madaktari maarufu mbele ya wageni. Mwili wake ulikuwa unatikisika bila yeye kutaka. Humo hospitalini kulikuwa na sherehe ya densi kila mwaka, wagonjwa wakivaa mavazi ya kuigiza, na hapo Jane alijigundua. Alipoanza kudensi, ule mtikisiko ukawa wake. Ukamtii.

Moulin Rouge walimwita baruti. Alidensi peke yake, mwembamba, mguu ukizunguka angani kama uliounganishwa kwa kamba, uso ukiwa na huzuni hata watu wakipiga makofi. Henri alimwelewa haraka, maana wote wawili walijua kukaa ndani ya mwili unaofanya mambo yake. Alimchora akidensi katika mabango yaliyomjengea jina, lakini alimchora pia akitoka kazini: koti zito, mikono mifukoni, macho chini, anatembea kwenda nyumbani kama mtu yeyote aliyemaliza shifti ya usiku. Ukiona mchoro huo huwezi kujua ni staa, na hapo ndipo uzito wake ulipo.

Jane aliolewa mwaka wa 1911, mumewe akafariki 1926 akimwachia karibu hakuna kitu. Yeye aliaga mwaka wa 1943 katika makao ya wazee, Paris ikiwa chini ya jeshi la Hitler. Mjini hakuna aliyekuwa na muda wa kukumbuka densi.

Rafael, ambaye walimpa jina la peremende

Huyu sasa soma polepole. Alizaliwa mtumwa huko Havana, Kuba, miaka ya 1860. Akiwa mtoto aliuzwa kwa mfanyabiashara Mhispania na kupelekwa Uhispania. Hakupewa hata jina la ukoo, aliitwa Rafael tu. Akatoroka, akafanya kazi za mjengo na mizigo, hadi mchekeshaji mmoja wa sarakasi alipomwona akamchukua kama msaidizi. Mwaka wa 1886 akafika Paris. Huko wakambandika jina la Chocolat.

Rafael alikuwa na kipaji cha hatari. Kufikia 1888 alikuwa akijaza ukumbi wa sarakasi kwa jina lake mwenyewe. Baadaye akaunganishwa na Mwingereza George Foottit, na mchezo wao ukawa maarufu Ufaransa nzima. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: Foottit mweupe anatoa amri, Rafael mweusi anapigwa mateke na makofi, watu wanavunjika mbavu. Kila usiku, miaka na miaka. Picha zao zikauza hata bidhaa za madukani.

Henri aliwachora wakiwa kazini. Lakini mwaka wa 1896 alichapisha mchoro mwingine kwenye gazeti la vichekesho. Shoo imeisha, Rafael yuko kwenye baa ambayo wasanii walikuwa wakipitia usiku. Hakuna Foottit, hakuna teke. Amevaa suti ya kubana, mkono mmoja juu, mwili umepinda kama upinde, anajichezea densi yake huku baa nzima ikimtazama. Ana madaha kuliko mtu yeyote mle ndani.

Tusidanganyane, uso aliompa umechorwa kwa mtindo wa kukejeli watu weusi uliokuwa kawaida Ulaya wakati huo, na una haki ya kukasirika ukiuona. Henri alikuwa mtu wa enzi yake, na jicho lake kali halikumwokoa kila mara. Lakini mwili ule haudanganyi. Mwili ule ni wa msanii.

Rafael na Foottit waliachana karibu 1910. Akajaribu kuwa mwigizaji wa kawaida wa tamthilia, Paris ikamkataa: walizoea kumwona akipigwa tu. Alikuwa pia akienda hospitalini kuchekesha watoto wagonjwa, kitu ambacho leo kinafanywa na wachekeshaji duniani kote. Alifariki Novemba 1917 akiwa safarini na sarakasi huko Bordeaux, akazikwa upande wa maskini. Ilichukua karibu miaka 100 hadi filamu ikatengenezwa mwaka wa 2016 ndipo Wafaransa wengi wakaanza kuuliza huyo alikuwa nani.

Nyuma ya mlango uliofungwa

Kuna wengine ambao hata jina la utani hatunalo. Miaka ya 1890 Henri alikuwa akikaa siku nyingi ndani ya madanguro ya Paris. Ndiyo, alikuwa mteja pia, na maradhi ya zinaa aliyapata, hapo hakuna haja ya kumpaka rangi. Lakini wachoraji wengine walichora sehemu hizo kama ndoto ya wanaume. Yeye alichora kazi. Wanawake wameketi kwenye makochi mekundu wakisubiri, wamechoka, hawaongei. Mmoja anafunga kamba za nguo. Mwingine amelala mchana kweupe. Wawili wamejifunika blanketi moja, vichwa tu vinaonekana, wanatazamana kama watu ambao hatimaye wako salama. Katika mchoro mmoja wa 1894 wamepanga foleni na kuinua mavazi, wakingoja ukaguzi wa daktari ambao sheria iliwalazimisha.

Mwaka wa 1896 alitoa albamu nzima ya michoro ya maisha yao ya kila siku. Haikuuza. Wanunuzi walitaka utamu, yeye akawapa beseni la kuogea na kitanda ambacho hakijatandikwa.

Chupa ndani ya bakora

Na Henri mwenyewe? Alikuwa anakunywa kama mtu anayekimbizwa. Alikuwa na bakora yenye tundu ndani, humo akificha pombe ili asikose kitu njiani. Alipenda kuchanganya absinthe na konyagi kali, kinywaji alichokiita tetemeko la ardhi. Mchana alifanya kazi kwenye viwanda vya uchapishaji kuanzia mapema, usiku alikesha, na katikati hakukuwa na usingizi wa kutosha.

Mwanzoni mwa 1899 akili ikakatika. Akaanza kuona vitu visivyokuwepo na kuwashuku watu. Familia ikamfungia kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili huko Neuilly, na magazeti yakamtafuna kwa furaha. Aliogopa kwamba hatatoka tena. Basi akaomba penseli za rangi na karatasi, akaanza kuchora sarakasi kutoka kichwani tu: farasi, wacheza kamba, wachekeshaji, bila kuona hata mmoja. Alichora 39. Michoro hiyo ndiyo aliyoitumia kuwaonyesha madaktari kwamba akili iko sawa, na mwezi wa Mei wakamfungulia mlango. Alitoka jela kwa kuchora.

Wakamwekea mtu wa kumchunga asinywe. Haikusaidia muda mrefu. Agosti 1901 akapigwa na kiharusi, akapelekwa kwa mathe wake katika nyumba ya familia ya Malromé, na tarehe 9 Septemba akaaga. Alikuwa na miaka 36.

Nani alikumbukwa, na kwa nini

Hapa ndipo stori inapouma. Henri na Louise walikunywa kwenye meza moja. Henri na Jane wote walifungiwa hospitali. Wote waliishi usiku ule ule. Lakini Henri alipoanguka, kulikuwa na mama mwenye ganji ya kulipia kliniki. Alipofariki, mama huyo na rafiki yake wa tangu shule, Maurice Joyant, walikusanya kazi zake, na mwaka wa 1922 makumbusho ya jina lake yakafunguliwa Albi, mji aliozaliwa. Wakati huo Louise alikuwa bado hai, na mwishowe akaishia kuuza njugu.

Jambo hilo halimfanyi Henri kuwa mbaya. Linakuonyesha tu kwamba kipaji na ajali hugawiwa kila mtu, lakini godoro la kuangukia si kila mtu analo. Hapa kwetu umeona hiyo filamu. Msanii aliyekuchekesha kwenye runinga ukiwa mdogo anatokea mitandaoni akiomba kodi au bili ya hospitali. Watu wanaandika pole, wanaweka emoji ya machozi, wanasogeza skrini. Sisi ndio vile vivuli vyeusi kwenye bango: tuko nyuma tunaangalia, na hatuna uso.

Alichofanya Henri ni kidogo, lakini ni kikubwa. Hakuwaokoa. Hakulipa kodi ya Louise wala hakumtoa Rafael kwenye mateke. Aliwatazama tu vizuri, shoo ikiendelea na shoo ikiisha, na akaandika alichoona kwa mkono wake. Zaidi ya michoro 5,000. Ndiyo sababu tunajua walikuwepo.

Yale mapazia ya Louise yaliyokatwa vipande, serikali ya Ufaransa ilivinunua vipande vyake, vikaunganishwa tena. Leo yako Musée d'Orsay, Paris, na ukiyasogelea unaweza kuona mishono. Mwaka wa 1992 mabaki ya Louise yalihamishwa hadi makaburi ya Montmartre, kilimani alikowika.

Na yule Carmen, mama fua anayetazama nje ya dirisha? Mwaka wa 2005 mchoro wake uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 22.4. Kwa hela zetu hiyo ni zaidi ya bilioni mbili, kwa picha ya mwanamke aliyekuwa akipumzisha mgongo kabla ya kurudi kwenye kazi ya kulipwa vijisenti.

Kwa hivyo ukikutana tena na lile bango, kwenye kikombe au ukutani, usiseme ni msichana wa Moulin Rouge. Mlafi, Baruti na Chokoleti ni majina ambayo jiji liliwapa. Huyo ni Louise Weber. Wengine ni Jeanne Beaudon, Rafael na Carmen Gaudin.